Laptopu inakata WiFi hosteli kila baada ya dakika chache, simu haikati. Nianzie kupima wapi?

#1 Mkaa Bweni

Wakuu, habari za saa hizi. Laptopu ni ya mtumba, inchi 14, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM 8 GB, Windows 10. Kadi ya WiFi kwenye Device Manager inasomeka Intel Dual Band Wireless-AC 8260. Ruta ya hosteli ipo koridoni, kama mita 12 kutoka mezani, katikati kuna kuta mbili za tofali.

Inashika mtandao vizuri, halafu baada ya dakika 5 hadi 20 alama ya WiFi inageuka ile dunia yenye "No internet", au inakata kabisa na kujiunga yenyewe. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5 hali ni mbaya zaidi. Simu ikiwa juu ya meza hiyo hiyo haikati. Kile kitafuta hitilafu cha Windows kinasema "The default gateway is not available". Network reset nimefanya mara mbili, nafuu yake ni ya siku moja. Wiki ijayo kuna mtihani wa mtandaoni wa dakika 120. Nianzie wapi?

#2 Fundi Kebo

Mkuu, kwanza usibadilishe kitu chochote. Ukigusa mambo matano kwa mpigo na ikapona, hutajua lipi lilikuwa bovu, na siku ikirudi unaanza upya.

Watu wanaposema "WiFi inakata" wanaweza kuwa na mojawapo ya shida tatu zisizofanana. Laptopu na ruta hazisikilizani hewani. Au zinasikilizana, ila ruta yenyewe haina intaneti. Au intaneti ipo, ila jina la tovuti halipati anwani yake. Dawa ya moja haitibu nyingine, kwa hiyo zitenganishe.

Fungua Command Prompt, andika ipconfig, tazama namba iliyo mbele ya Default Gateway, ndiyo anwani ya ruta. Tuseme ni 192.168.1.1. Sasa fungua madirisha mawili, yaache yaende pamoja. Ping hutuma paketi ndogo na kuangalia kama jibu limerudi; la kwanza linauliza ruta, la pili seva ya Google iliyo nje:

ping -n 600 192.168.1.1

ping -n 600 8.8.8.8

Hizo ni paketi 600, takriban dakika 10 au zaidi kidogo. Mtandao ukianza kukata, fungua dirisha la tatu upesi uandike nslookup www.google.com. Usitumie ping ya jina kupima majina, kwa sababu ping huuliza jina mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo inatumia anwani iliyokwisha kuipata.

Namna ya kusoma: dirisha la kwanza likitoa "Request timed out", shida iko kati ya laptopu na ruta, basi. La kwanza likiwa safi, milisekunde 2 hadi 10, na la pili likawa linapoteza, laptopu yako haina kosa. Ni ruta au laini inayoilisha. Yote mawili yakiwa safi na nslookup ikasema "timed out", ni majina.

Kisha andika netsh wlan show interfaces. Nataka mistari minne: Radio type, Channel, Receive rate na Signal. Ipime mezani, halafu beba laptopu mpaka mita 2 kutoka kwenye ruta, pasiwe na ukuta katikati, upime tena. Mstari wa BSSID usiuweke hapa, ni anwani ya ruta ya watu.

Mwisho, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" uandike netsh wlan show wlanreport. Inatengeneza ripoti ya siku 3 zilizopita ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows\WlanReport. Ifungue kwa kivinjari, itakuonyesha kila mkato ulitokea saa ngapi na sababu iliyoandikwa.

#3 Chapuo

Piga Windows upya mkuu, weka na draiva mpya. Hizi za mtumba zinakuja na Windows iliyochoka.

#4 Bi Mitambo

Chapuo, hapo sikubaliani nawe. Windows mpya itashusha draiva ile ile kutoka Windows Update, na kadi na nyaya zake zitabaki vile vile. Mwanafunzi atamaliza GB kadhaa za bando kwa masasisho na mkato ataukuta palepale.

Kuna njia ya kujua kama kosa ni la Windows bila kufuta chochote. Chukua flashi ya GB 8, iandikie Ubuntu, washa laptopu kupitia flashi hiyo na uchague "Try Ubuntu". Unga WiFi, endesha ping ile ile kwa nusu saa. Ikikata na huko, Windows haina hatia. Isipokata, ndipo unarudi Windows na kushughulika na draiva: Device Manager, kadi ya WiFi, Properties, Driver, "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pita "Update driver", kisha "Browse my computer", kisha "Let me pick", uchague toleo la zamani kwenye orodha.

Na hiyo hoja ya simu tusiiamini haraka. Simu nyingi WiFi ikilegea zinahamia data ya laini kimyakimya, mwenye simu haoni kitu. Zima data kabisa ndipo ulinganishe. Pia angalia kama simu iko kwenye 5 GHz na laptopu kwenye 2.4. Hayo ni mawimbi mawili tofauti hata jina la mtandao likiwa moja.

#5 Mkaa Bweni

Ahsanteni. Nimepima jana usiku na leo saa 4 asubuhi.

Mezani: Radio type 802.11n, Channel 9, Receive rate inacheza kati ya Mbps 6.5 na 19.5, Signal 42%.

Mita 2 kutoka kwenye ruta: Receive rate 58.5, Signal 68%.

Ping ya ruta kutoka mezani: Sent = 600, Lost = 66 (11% loss), ndogo kabisa 3 ms, kubwa 912 ms. Ping ya 8.8.8.8 inapoteza nyakati zile zile.

Simu, data ikiwa imezimwa, nayo iko kwenye 2.4 na chaneli 9. Programu ya kupima mawimbi inasoma -58 dBm mezani (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo kali zaidi). Haikukata hata mara moja.

Ubuntu ya flashi inakata vilevile.

Ila usiku kuna kingine: mara mbili ipconfig ilionyesha IPv4 inayoanza na 169.254.

#6 Fundi Kebo

Vipimo vizuri sana. Una matatizo mawili yaliyopandana, ndiyo maana kila dawa ilikuwa inatibu nusu. Hili la 169.254 naliacha kwa Bi Mitambo, mimi nibaki na hewa.

Asilimia za Windows zina hesabu yake: 0% ni -100 dBm, 100% ni -50 dBm, na kati ya hapo kila asilimia 2 ni dBm 1. Kwa hiyo 42% yako ni -79 dBm. Simu pale pale inasoma -58. Tofauti ya dB 21 ni zaidi ya mara 100 kwa nguvu ya mawimbi. Tofauti ya kawaida ya kifaa na kifaa ni dB 5, kubwa 10. Kwa kukadiria: -50 hadi -60 ni safi; mpaka -67 bado unaangalia video bila shida; -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua; -80 unakata.

Lakini kipimo kilichonimalizia shaka ni cha mita 2. Pale, bila ukuta, laptopu nzima inatakiwa isome 95% kwenda juu. Wewe umepata 68%, yaani -66 dBm. Umbali si sababu, chaneli si sababu, na Ubuntu imeondoa Windows kwenye kesi. Kadi haipati mawimbi kutoka kwenye antena zake. Kwa laptopu ya mtumba hilo ni jambo la kawaida: imeshafunguliwa kubadilishwa kibodi, feni au skrini, na waya wa antena ukaachwa haujabonyezwa sawasawa au ukabanwa kwenye bawaba.

Kabla hujafungua, jaribu bawaba. Kaa mita 2 kutoka kwenye ruta, skrini iwe imeinama nusu, endesha netsh wlan show interfaces. Isimamishe wima, rudia. Ilaze nyuma kabisa, rudia. Signal ikiruka kwa asilimia 15 au zaidi kwa kusogeza skrini tu, waya umekatika ndani bawabani, na hapo ni kazi ya kubadilisha antena, nyaya zake zinapita mpaka juu ya skrini. Isiporuka, shida ina uwezekano mkubwa wa kuwa pale nyaya zinapochomekwa kwenye kadi, na hiyo ni ya dakika 20.

Kufungua: zima kabisa kwa "Shut down" huku umeshika Shift, ili Windows isijifiche kwenye ule uzimaji wa haraka. Toa chaja. Fungua skrubu za chini, ziweke kwa mpangilio ulivyozitoa maana urefu haulingani, na skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa sehemu ya kibodi. Kifuniko kikitoka, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi ya betri ya ndani. Usiguse kadi kabla ya hapo.

Kadi ni kibao kidogo cha milimita 22 kwa 30, kimeshikwa na skrubu moja. Juu yake kuna vitundu viwili vya rangi ya dhahabu na nyaya mbili nyembamba zinavifunika. Kadi imeandikwa 1 na 2, au Main na Aux. Nyaya mara nyingi ni nyeusi na nyeupe au kijivu, lakini usitegemee rangi. Soma kikaratasi kilichozungushiwa waya, kina namba.

Tazama: kipo kitundu kilicho wazi? Yupo waya umelala pembeni? Plagi imekaa imeinama? Kuichomoa, ingiza ukucha au kijiti cha plastiki chini yake uinyanyue wima; usivute waya. Kuichomeka, iweke juu ya kitundu sawasawa mpaka uhisi imekaa katikati, kisha bonyeza wima kwa kidole. Itatoa mlio mdogo. Isipotoa mlio usilazimishe, nyanyua uanze tena. Ukibonyeza imeinama, ukuta wa kitundu unapondeka na kadi imekwisha. Plagi hizi hazikutengenezwa kwa kuchomekwa kila siku. Zile kubwa za U.FL zimepimwa kwa mara 30, na hizi ndogo za MHF4 zilizo kwenye kadi za M.2 ni laini zaidi.

Tafadhali usichanganye U.FL na MHF4. Za kwanza ni za kadi za zamani za mini PCIe, kipenyo chake ni kikubwa kidogo. Zinafanana kwa macho, haziingiliani.

Ukimaliza, tazama Receive rate ukiwa mita 2. Kadi ya 8260 ina mikondo miwili, yaani inapitisha data kwa antena mbili kwa pamoja. Kwenye 2.4 GHz yenye upana wa 20 MHz mkondo mmoja unaishia 72.2, miwili inafika 144.4. Kwenye 5 GHz yenye upana wa 80 MHz ni 433.3 na 866.7. Ikigoma milele kwenye 72.2 ukiwa karibu hivyo na ruta yenye antena mbili, antena moja bado haifanyi kazi.

#7 Bi Mitambo

Haya, 169.254. Anwani hiyo laptopu hujipa yenyewe ikiomba anwani kwa ruta isijibiwe. Sababu zake ni mbili, na ipo ya tatu inayokata vilevile ingawa anwani yake huwa nyingine.

Ya kwanza ni hiyo hiyo ya mawimbi: ombi linapotea hewani. Ukitengeneza antena inaweza kuisha.

Ya pili, anwani zimekwisha. Ruta nyingi za nyumbani zinagawa kuanzia .100 mpaka .199 au .200, yaani anwani 100 hivi. Hosteli yenye wanafunzi 60, kila mmoja simu na laptopu, ni vifaa 120 kabla hujahesabu televisheni. Muda wa kumiliki anwani mara nyingi ni saa 24, kwa hiyo simu ya mgeni aliyepita mchana bado inashikilia anwani saa 3 usiku. Hilo linaelezea kwa nini jioni ni mbaya, watu wamerudi. Msimamizi wa ruta afanye mambo mawili kwenye ukurasa wa DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani: apanue mgawo uwe .10 mpaka .250, na apunguze muda uwe saa 2. Ruta nyingine zinataka dakika, 120. Nyingine sekunde, 7200. Asome kipimo kilichoandikwa pembeni.

Ya tatu inasahaulika sana. Kuna mtu amechomeka ruta yake binafsi kwenye kebo ya chumbani kupitia tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, badala ya WAN, lile la kupokea intaneti. Ruta hiyo nayo inagawa anwani, zake, na anayepewa hizo anapelekwa kwenye mlango usiotoka nje. Dalili yake unaiona kwa ipconfig /all: mstari wa DHCP Server. Andika namba hiyo mchana kukiwa kuzuri, halafu ilinganishe usiku ikikata. Zikiwa mbili tofauti, mwizi wa njia amepatikana.

Na hiyo chaneli 9 mwambieni msimamizi aiondoe. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizokanyagana ni 1, 6 na 11 tu. Ruta iliyokaa 9 inagombana na walio kwenye 6 na walio kwenye 11 pia. Andika netsh wlan show networks mode=bssid uone jirani ziko ngapi kwenye kila chaneli, mchague yenye wachache wenye mawimbi makali. Upana uwe 20 MHz. Kuweka 40 MHz hosteli ni kujitafutia vurugu.

Asiende 12 wala 13 akidhani ameepuka foleni. Laptopu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nyingi hazizioni kabisa chaneli hizo, na mtumba wetu mwingi umetoka huko.

#8 Sauti ya Lamu

Naomba kuingilia. Yangu inakata pale tu nikichomeka diski ya nje, na wakati mwingine nikitoa chaja. Ni jambo moja au mawili?

#9 Fundi Kebo

Mawili.

Diski: USB 3.0 inapopitisha data inatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz kabisa. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kelele inatoka kwenye plagi na kebo isiyofunikwa vizuri, na antena yako iko sentimita chache tu. Ihamishie tundu la USB 2.0, lile ambalo mara nyingi lina ulimi mweusi badala ya bluu, au hamia WiFi ya 5 GHz. Kebo nzuri yenye kinga nene na kuiweka diski mbali na skrini navyo vinasaidia. Kipanya kisicho na waya chenye kile kijiti kidogo cha USB kikikwamakwama diski ikiwa imechomekwa, sababu ni hiyo hiyo.

Chaja: bila chaja Windows inabana umeme wa kadi. Control Panel, Power Options, "Change plan settings", "Change advanced power settings", "Wireless Adapter Settings", kwenye "On battery" weka "Maximum Performance". Halafu Device Manager, kadi ya WiFi, Power Management, toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kwenye baadhi ya laptopu kichupo cha Power Management hakipo. Hapo ile ya kwanza inatosha kujaribu.

#10 Jitegemee

Mbona hamjataja DNS, ile seva inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani? Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 mambo yaishe.

#11 Bi Mitambo

Ingemsaidia kama ping zingekuwa safi na nslookup ndiyo inagoma. Yeye anapoteza 11% kuelekea ruta iliyo koridoni; DNS haijafikiwa hapo.

Isitoshe kwenye mtandao wa chuo wenye ukurasa wa kuingizia namba ya usajili, DNS ya kujiwekea inaleta shida mpya. Ukurasa ule unategemea DNS ya chuo ikupeleke kwao. Ukiwa na 8.8.8.8 chuo kinaizuia, ukurasa haufunguki, unabaki na "No internet" huku mawimbi yamejaa. Rudisha "Obtain DNS server address automatically", kisha fungua http://www.msftconnecttest.com/redirect kwenye kivinjari. Ni anwani isiyo na kufuli, kwa hiyo chuo kinaweza kuikamata na kukuletea ukurasa wake. Ukianza na tovuti yenye https utapata onyo la cheti tu.

Palepale kagua Settings, Network, Proxy. Programu za VPN za bure zikiondolewa vibaya zinaacha proksi (kipitishio cha kati cha mtandao) imewashwa, na hiyo nayo inaonekana kama WiFi mbovu.

#12 Mpita Njia KE

Sisi huku chuoni tuko na eduroam, ile WiFi ya pamoja ya vyuo, inauliza nywila kila mara na kukataa, ilhali nywila ni sahihi na simu inaingia.

#13 Bi Mitambo

Anza na saa ya laptopu. Laptopu ya miaka 8 au 10 betri yake ya saa, ile ya duara ya CR2032, huenda imekufa. Ukichomoa chaja na betri kuu ikaisha, tarehe inarudi nyuma miaka. Cheti cha seva ya chuo kinaonekana bado hakijaanza kutumika, laptopu inakikataa, na Windows inakuandikia tu kwamba imeshindwa kuunga. Hata tovuti za kawaida zitagoma. Weka tarehe sahihi kwa mkono kwanza, badilisha betri baadaye.

Kama saa iko sawa, futa kumbukumbu ya zamani: netsh wlan delete profile name="eduroam". Unga upya, jina uliandike kamili pamoja na @ na kikoa cha chuo, bila nafasi mwishoni. Bila kikoa, seva haijui ikupeleke chuo gani. Eduroam inafanya kazi kwa kurudisha ombi lako chuo chako hata ukiwa Kampala au Ulaya. Kenya wanaoisimamia ni KENET, Uganda ni RENU, lakini nywila yako iko chuoni kwako na ndiko kwa kuuliza.

Kingine ni "Random hardware addresses". Kwenye mtandao wa chuo unaosajili vifaa, izime. Ikiwa imewekwa kubadilika kila siku, mfumo unakuhesabia laptopu mpya kila siku, na siku idadi uliyoruhusiwa ikijaa unafungiwa.

#14 Kisiwani

Kwa wanaotumia hotspoti ya simu kwa laptopu: iPhone kuanzia 12 washeni "Maximize Compatibility" kama laptopu ni ya 2.4 GHz tu, la sivyo haitaiona. Android nyingi zinazima hotspoti zenyewe baada ya dakika chache kukiwa hakuna kifaa, kuna swichi ya kuzuia hilo ndani ya mipangilio ya hotspoti. Na kwenye Windows wekeni "Metered connection", maana masasisho yanakula bando na kasi inadondoka mkidhani mtandao ni mbovu.

#15 Pengwini Mweusi

Anayetumia Ubuntu moja kwa moja: faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, mstari wifi.powersave = 3 ubadilishe uwe 2, kisha sudo systemctl restart NetworkManager. Namba 2 ndiyo inayozima ubanaji.

Wenye Realtek RTL8723BE kuna jambo lenu. Laptopu nyingi zilizowekewa kadi hiyo zina waya mmoja tu wa antena, na draiva ya Linux inaweza kuwa inasikiliza kitundu kisicho na waya. Andikeni kwenye /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf mstari huu: options rtl8723be ant_sel=2 fwlps=0 ips=0. Washeni upya. Mawimbi yasipopanda, jaribuni ant_sel=1.

#16 Mkaa Bweni

Majibu. Kusogeza skrini hakukubadilisha kitu, ikabaki kati ya 66% na 69%. Nimefungua. Waya namba 2 ulikuwa umelala kabisa pembeni ya kadi, na namba 1 umekaa umeinama. Nimechomeka yote, mlio umesikika.

Mita 2: Signal 99%, Receive rate 144.4.

Mezani: Signal 76%, Receive rate 104 hadi 130.

Ping ya ruta kutoka mezani, mchana: Sent = 600, Lost = 0, kubwa kabisa 38 ms.

Usiku saa 3 imekata mara moja kwa dakika 6. Safari hii anwani ilikuwa 192.168.0.104, na DHCP Server inasomeka 192.168.0.1. Mchana DHCP Server ni 192.168.1.1.

#17 Fundi Kebo

76% ni -62 dBm. Karibu sawa na simu, tatizo la hewani limeisha. Ukiwa umefungua tena siku moja, bandika kipande cha utepe wa Kapton juu ya plagi hizo mbili zisinyanyuke kwa mtikisiko wa begi. Usitumie selotepu, joto linaiyeyusha gundi.

#18 Bi Mitambo

Hiyo 192.168.0.1 ndiyo ruta ya mtu. Hakuna haja ya kugombana naye wala kumnyang'anya, inaweza kubaki ikitumika vizuri. Achague moja kati ya hizi mbili.

Njia ya kwanza: kebo inayotoka ukutani aihamishe kutoka tundu la LAN aiweke tundu la WAN, lile lenye rangi tofauti. Ruta yake inakuwa mteja kama vifaa vingine, na anwani zake za 192.168.0 zinabaki chumbani kwake. Hakuna kingine cha kubadilisha, kwa sababu namba za pande mbili tayari ni tofauti. Zingekuwa zote 192.168.1 ingebidi abadilishe zake kwanza.

Njia ya pili, kama anataka vifaa vyake vionane na printa ya hosteli: kebo ibaki LAN, lakini aingie kwenye ruta yake, azime DHCP, na aipe anwani iliyo nje ya mgawo wa ruta kuu, mfano 192.168.1.2. Azime DHCP kabla ya kuchomeka kebo. Chaneli yake iwe tofauti na ya koridoni. Koridoni wakihamia 6, yeye akae 1 au 11.

Wewe usiku huu, kabla hajarekebisha, ukipewa anwani ya 192.168.0 andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Ruta mbili zinashindana kujibu, kwa hiyo inaweza kuhitaji kurudiwa mara mbili tatu mpaka ile ya kweli iwahi. Siku ya mtihani fanya hivyo nusu saa kabla, hakikisha DHCP Server ni 192.168.1.1, na hotspoti ya simu iwe imeshaungwa mara moja na laptopu ili nywila iwe tayari imehifadhiwa. Muulize pia msimamizi kama ruta ya koridoni ina betri ya akiba ya volti 12. Umeme ukikatika, laptopu itabaki na chaji lakini ruta haitabaki.